Excite Haikukosea Bei, Ilikosea Biashara

Wasomaji wanaofuatilia hisa za kampuni za kompyuta hupenda kutukumbusha kisa cha Excite. Mwaka 1999 Larry Page na Sergey Brin waliitaka kampuni hiyo ya Marekani inunue mtambo wao wa kutafuta habari, Google, kwa dola milioni 1 hivi. Bei ikashushwa hadi dola 750,000. Mkuu wa Excite, George Bell, akakataa. Mwaka 2001 Excite@Home ilifilisika. Agosti 2004 Google ikauza hisa kwa umma kwa dola 85 kila moja.

Wengi humcheka Bell kwa kukataa mali ya bei ya kutupa. Sisi hatumcheki. Wakati ule kampuni za aina yake ziliishi kwa matangazo yaliyolipiwa kwa idadi ya kurasa zilizofunguliwa. Mteja alitakiwa akae: asome habari, atazame hali ya hewa, aangalie bei za hisa. Mtambo unaompa jibu upesi na kumwachia aende zake ulionekana kuwa hasara. Hata kama Excite ingeununua, tunaamini ingeufungia stoo.

Kilichosahaulika ni kazi ya dalali. Dalali hamkalishi mteja kwake. Humwelekeza kwenye mali, kisha hudai chake kwa mwenye mali. GoTo.com ilianza kufanya hivyo mwaka 1998: mwenye tangazo alilipa pale tu mteja alipobonyeza na kwenda kwake. Fedha zilikuwa huko, wakubwa wakapita.

Kwa maoni yetu, aliyepoteza zaidi ni AltaVista. Huyu alikuwa na mali nzuri mkononi tangu Desemba 1995, kisha akaigeuza duka la kila kitu ili afanane na wenzake. CMGI iliichukua mwaka 1999 kwa mapatano ya dola bilioni 2.3, ikaahidi kuuza hisa zake kwa umma, ikaghairi. Wanahisa wadogo wa CMGI walionunua mwanzoni mwa 2000 kwa zaidi ya dola 100 waliona hisa hiyo chini ya dola 2 mwaka uliofuata. Walinunua jina kubwa bila kuuliza nani hasa anamlipa nani, na kwa kazi gani.

Mwaka 2003 AltaVista iliuzwa kwa dola milioni 140 hivi. Mnunuzi alikuwa Overture, yaani GoTo ileile kwa jina jipya.