Leseni ya Bangi ya Dawa: Tuulize Kwanza Nani Atalima na Nani Atafungwa

Ndugu waamini, viongozi wa jumuiya ndogondogo na wanakamati wa Haki na Amani,



Kuna swali ambalo limeletwa mbele yetu mara kadhaa, nalo halifai kujibiwa kwa kunong'onezana mlangoni mwa kanisa. Hapa Iyunga wapo watu wanaopita wakiwaambia vijana kwamba leseni za kulima bangi ya dawa ziko njiani, na kwamba atakayechangia fedha mapema ndiye atakayeandikwa katika orodha ya kwanza. Mama mmoja mjane alitusimulia jinsi alivyouza magunia ya mahindi aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya ada ya mwanawe, akatoa fedha hizo, naye aliyezipokea hajaonekana tena. Mama huyo hakuwa na tamaa ya utajiri. Alichotafuta ni njia ya kuishi. Kwa ajili yake na wengine kama yeye, yatupasa kusema wazi.

Jambo la kwanza ni la sheria. Katika Tanzania hakuna leseni ya biashara ya bangi ambayo raia anaweza kuiomba. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyorekebishwa mwaka 2017, inahesabu kilimo cha bangi kuwa kosa kubwa, na mahakama zetu zimekwisha kutoa vifungo vya miaka 30 kwa makosa ya bangi. Kwa hiyo yeyote anayekusanya fedha akiahidi leseni hiyo anauza kitu asichokuwa nacho. Naye anayepanda mbegu kwa kuamini ahadi hiyo hatasaidiwa na ahadi siku atakapofikishwa mbele ya hakimu.

Hata hivyo, si haki kuwaona wanaouliza kuwa ni wajinga au wahuni. Wanaona yanayotendeka kwa majirani. Ng'ambo ya Mto Songwe, Bunge la Malawi lilipitisha mwezi Februari 2020 sheria ya kuruhusu kilimo cha bangi kwa dawa na viwanda. Lesotho ilianza kutoa leseni mwaka 2017, Zimbabwe ikafuata mwaka 2018, na Rwanda mwaka 2021 iliruhusu kilimo hicho kwa ajili ya kuuza nje. Tarehe 2 Desemba 2020, Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya iliiondoa bangi katika jedwali kali kuliko yote la Mkataba wa mwaka 1961, kwa kura 27 dhidi ya 25. Wengi walisikia habari hiyo nusu tu. Bangi ilibaki katika Jedwali la Kwanza, ambamo imo pia afyuni, na kila nchi iliachiwa wajibu wa kuidhibiti.

Jambo la pili ni la dawa yenyewe. Ni kweli kwamba mmea huu una viini vinavyotibu. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa iliyotengenezwa kwa kiini kimoja cha bangi, kiini kisicholevya, kwa ajili ya watoto wenye aina mbili za kifafa kikali. Dawa hiyo hutolewa kwa cheti cha daktari. Haifanani hata kidogo na msokoto unaovutwa na kijana wa miaka 16 nyuma ya kibanda, ambao huweza kumvuruga akili kwa muda mrefu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2291, inafundisha kwamba kutumia dawa za kulevya ni kosa zito, isipokuwa kwa sababu za tiba tu. Ndani ya fundisho hilo moja mna katazo, na mna ruhusa pia. Anayelishika katazo pekee anamsahau mgonjwa, na anayeishika ruhusa pekee anamsahau kijana.

Tena jambo hili si geni kwetu. Mofini hutokana na afyuni, nayo ni kali kuliko bangi. Lakini Taasisi ya Saratani ya Ocean Road huitayarisha kuwa dawa ya kunywa, na wagonjwa wa saratani hupata nafuu ya maumivu chini ya uangalizi. Basi dola inaweza kuruhusu dawa kali kwa faida ya wagonjwa bila kuufungulia ulevi mlango.

Jambo la tatu ndilo zito zaidi kwa Tume yetu, nalo ni haki. Tutazame leseni yenyewe inavyokuwa pale ilipo. Zimbabwe ilipoanza, ada ya leseni ilitangazwa kuwa dola za Marekani 50,000 kwa miaka mitano. Juu ya ada hiyo, anayetaka kuuza katika nchi kama Ujerumani, iliyoruhusu bangi ya dawa mwaka 2017, hana budi kuwa na ulinzi wa shamba, nyumba za kukaushia, maabara ya kupima viini, na hati za ubora wa kutengeneza dawa. Ni mkulima gani wa Isyesye, wa Umalila au wa Mbozi atakayeyatimiza hayo? Mkulima wa Nyanda za Juu amelima pareto na kahawa kwa miaka mingi, anajua vema maana ya kulima zao ambalo bei yake hupangwa mbali naye. Hapo atakuwa kibarua katika shamba la mwenye leseni.

Na hapa ndipo dhamiri inapochomwa. Mmea ni uleule. Mwenye mtaji akiulima kwa leseni ataitwa mwekezaji. Maskini aliyeulima nyuma ya migomba yake atakuwa gerezani bado, akihesabu miaka 30, na watoto wake wakilelewa na bibi yao. Sisemi kwamba alitenda vema. Alivunja sheria, na huenda bangi yake iliharibu watoto wa wengine. Nasema kwamba nchi ikibadili mawazo yake juu ya mmea, haiwezi kuwabadilishia wenye fedha peke yao.

Wapo watakaosema kwamba tukingoja, soko litachukuliwa na Malawi. Hoja hiyo ina uzito, kwa maana umaskini wetu ni wa kweli. Lakini leseni ni karatasi tu, haimletei mtu mnunuzi. Haraka haraka haina baraka, na hasara ya haraka hii haitawaangukia watakaoandika sheria.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Serikali isisukumwe kufungua mlango huu kwa sababu ya fedha za kigeni pekee. Ikiwa siku moja Bunge litaujadili, sisi walei tudai mambo matatu: kwamba dawa iwafikie kwanza wagonjwa wetu hospitalini badala ya kupita mbele yao ikienda ng'ambo, kwamba vyama vya ushirika vya msingi vitengewe sehemu ya leseni kwa ada wanayoiweza, na kwamba vifungo vya wakulima wadogo vitazamwe upya kabla ya leseni ya kwanza kutiwa sahihi.

Wakati huohuo, kila jumuiya itangaze Jumamosi hii kwamba hakuna leseni, na kwamba yeyote aliyetoa fedha asione haya kuja kwa viongozi wake ili asaidiwe kutoa taarifa polisi. Yule mjane alikaa miezi mitatu bila kusema kwa sababu aliogopa kuchekwa. Aibu hiyo ilimpa tapeli nafasi ya kuingia nyumba nyingine nne. Tukiiondoa aibu miongoni mwetu, tutakuwa tumeifunga njia yake.