Deni la Waliotibiwa Butabika

Askari apitaye Luzira huyaona magereza makuu na bandari ya Port Bell. Wachache huendelea mbele hadi Butabika, katika ufuko wa Ziwa Viktoria, ilipo hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Aendaye huko huenda kwa siri, na akirudi hasemi alikuwa wapi. Jina la hospitali hiyo limegeuzwa kuwa tusi. Kuruta akikosea paredi, mwenziwe humwambia kwamba apelekwe Butabika, na kikosi kizima hucheka.

Leo twapenda kusema habari za watu wasiocheka kwa jina hilo.

Hospitali ya Butabika ilifunguliwa mwaka 1955. Kabla yake, wagonjwa wa akili nchini Uganda walihifadhiwa kwanza katika gereza la Hoima, kisha wakahamishiwa Mulago katika miaka ya 1930. Yaani mgonjwa alianza kwa kuhesabiwa pamoja na wahalifu. Si ajabu basi kwamba wengi waliopona walitaka kupasahau mahali hapo na wasirudi tena.

Lakini wako waliorudi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, kwa ushirikiano na wauguzi na waganga wa London ya mashariki, Butabika imewafundisha watu waliowahi kulazwa humo kuwa wasaidizi wa wagonjwa wenzao. Huketi kando ya kitanda na kusikiliza. Mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, humfuata huko wakamtazama anaishije, na kama anakula dawa zake. Wengine wao wameunda chama chao wenyewe, Heartsounds Uganda. Hii ndiyo shukrani yao.

Faida ya kazi hiyo si ndogo. Maradhi mengi ya akili, kama yalivyo ya sukari, hutaka dawa kwa miaka mingi, pengine maisha yote. Mgonjwa akijiona mzima huziacha. Tena baadhi ya dawa hutetemesha mikono na kuleta usingizi mchana. Daktari akimsihi aendelee, mgonjwa hudhani kwamba daktari hajui adha hiyo. Akisihiwa na mtu aliyezimeza dawa zile zile, hana la kujibu.

Haya yawahusu nini wenye magwanda? Yawahusu sana. Majeshi yetu yamekuwa Somalia tangu Machi 2007. Tarehe 26 Mei 2023 kambi ya Bulo Marer ilishambuliwa, na Rais akatangaza kwamba askari 54 walipoteza maisha. Waliokufa walihesabiwa. Baadhi ya wanaookoka vitani hurudi na usingizi uliokatika, wakishtuka mlango ukigongwa, wakigombana na wake zao bila sababu. Polisi naye huokota maiti barabarani wiki hadi wiki, na hakuna amwulizaye alilalaje. Wengi hujitibu kwa waragi. Kama waragi ingekuwa dawa, kambi zetu zingekuwa na afya kuliko mahali pote duniani.

Polisi wana sehemu nyingine pia. Mara nyingi mtu wa kwanza kumgusa mgonjwa wa akili ni konstebo aliyeitwa na majirani. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 imeshika nafasi ya ile ya kikoloni ya mwaka 1938, na yamtazama mtu huyo kama mgonjwa mwenye haki. Akifungwa kamba na kupigwa, atafika hospitali akimwogopa kila avaaye sare, muuguzi pia, na matibabu yatachelewa. Akisemeshwa kwa upole, huenda safari yake ya kupona ikaanzia ndani ya gari la polisi. Hayo mgonjwa huyakumbuka hata uzeeni.

Kwa makamanda twasema wazi: askari aliyetibiwa asifichwe stoo kuhesabu mablanketi hadi astaafu. Hatusemi akabidhiwe bunduki siku ya kwanza; hilo ni la waganga kuamua, na kamanda anayo haki ya kulihofia. Lakini siku yake ya kuchukua dawa ni lazima apewe ruhusa, wala sababu ya ruhusa isisomwe mbele ya gwaride. Na kama raia waliopona wameweza kuwaketia wenzao wadini, kwa nini sajini aliyepona asimketie kuruta? Yeye ajua lindo la usiku ni nini. Raia hajui.

Tena si lazima kulazwa. Butabika hupokea wagonjwa wa nje, na askari wa Kampala aweza kwenda asubuhi akarudi kambini jioni. Anayeona haya kwenda peke yake na afuatane na mwenzake wa hema.