Miwani Yenye Ukungu Si Kinga



Wako watu wanaofanya kazi chini ya maji, nao wanafahamu jambo moja ambalo waajiri wengi bado hawataki kulifahamu: kioo kilichoingia ukungu ni sawa na kitambaa kilichofungwa machoni. Mzamiaji asiyeona hawezi kufanya kazi yake, na hatari ikija hawezi kujiokoa. Kwa hiyo watengenezaji wa miwani ya kuzamia wametumia akili na fedha nyingi kuupiga vita ukungu. Sisi wa viwandani na mashambani, tunaopewa miwani ili kukinga macho na dawa, vumbi na cheche, tunauliza: kama mzamiaji anatengenezewa kioo kisichoshika ukungu, sisi tumekosa nini?

Kwanza tufahamu ukungu unatoka wapi, maana asiyejua chanzo cha ugonjwa hawezi kudai dawa yake. Ndani ya miwani mna hewa yenye joto na unyevu wa pumzi na jasho. Kioo kikiwa baridi kuliko hewa hiyo, unyevu hugeuka kuwa vitone vidogo sana vya maji, kama umande juu ya majani alfajiri. Kila kitone hutawanya mwanga, na macho hayaoni ila weupe mtupu. Mzamiaji hupatwa sana na hali hii kwa sababu miwani yake hufunika pua, na nje maji hukipoza kioo.

Dawa yake nayo inajulikana. Kinachotakiwa si kuuondoa unyevu wote, bali kuyafanya maji yatandae juu ya kioo kama utando mwembamba badala ya kusimama vitone vitone. Mzamiaji hutema mate ndani ya kioo, akasugua, akasuuza kidogo. Wengine hutumia sabuni laini. Miwani mipya yenye kioo cha kawaida husuguliwa kwanza kwa dawa ya meno, ili kuondoa mafuta ya silikoni yaliyobaki kutoka kiwandani. Na siku hizi iko miwani ambayo kioo chake hubandikwa utando maalumu kwa ndani unaoyatandaza maji wenyewe.

Haya si mambo ya starehe ya watalii. Mwezi Juni mwaka 1966 Mmarekani Eugene Cernan alitoka nje ya chombo cha Gemini 9A angani. Kazi ilikuwa nzito, jasho na pumzi vikajaa katika kofia yake, na kioo kikaingia ukungu hata akawa karibu haoni. Kazi aliyotumwa ikakatizwa. Baadaye vioo vya wenzake vikapakwa dawa ya kuzuia ukungu. Kilichorekebishwa kilikuwa chombo, si mtu.

Sasa tutazame kwetu hapa Uganda. Tumepita katika mashamba ya maua, ya miwa na ya chai, na katika karakana za viwanda, na malalamiko ni yale yale. Mpiga dawa amevaa vazi zito, barakoa mdomoni na miwani machoni. Pumzi inatoka juu ya barakoa na kuingia moja kwa moja katika miwani. Baada ya muda mfupi haoni mstari wa mimea wala mfereji ulio mbele ya miguu yake. Afanye nini? Akiendelea kuivaa, ataanguka na bomba la dawa mgongoni. Akiivua, dawa itamwingia machoni. Akisimama kuifuta kwa glavu yenye dawa, atakuwa amejipaka sumu kwa mkono wake mwenyewe, na mnyapara atamwandika kuwa mvivu.

Wengi huivua. Na siku jicho linapoumia, taarifa ya ajali huandikwa sentensi moja: mfanyakazi hakuvaa miwani aliyopewa. Sentensi hiyo huhamisha kosa kutoka ofisini hadi kwa mgonjwa, na hutumiwa kupinga fidia yake. Tunasema wazi kwamba kifaa kisichoweza kuvaliwa wakati wa kazi hakijatolewa, hata kama kimetiwa saini katika daftari la stoo.

Sheria haimwambii mwajiri atoe miwani yoyote tu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inataka vifaa vya kinga vinavyofaa. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981 unasema vilevile katika kifungu cha 16, na kifungu cha 21 kinasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Mwezi Juni 2022 shirika hilo liliingiza mazingira salama ya kazi katika haki za msingi za wafanyakazi wa nchi zote wanachama.

Mwajiri atasema miwani isiyoshika ukungu ni ghali. Tunamjibu kwamba ghali zaidi ni ile inayonunuliwa kwa rahisi na kukaa mfukoni. Atasema pia kwamba hajui ipi ni nzuri. Alama zipo. Miwani iliyopimwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 166 na kuonekana inastahimili ukungu huandikwa herufi N. Kiwango cha Marekani cha Z87.1, tangu toleo la mwaka 2020, kina herufi X kwa kazi hiyo hiyo. Anayenunua asome kioo, asisome bei peke yake.

Tena asinunue peke yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Bwana wa ofisini aliyeijaribu miwani mbele ya feni hawezi kujua itakavyokuwa saa sita mchana ndani ya nyumba ya plastiki ya maua. Madai yetu basi ni haya: wafanyakazi wenyewe waijaribu miwani kazini kabla ya kununuliwa kwa wingi, pawepo maji safi, sabuni na kitambaa karibu na mahali pa kazi, muda wa kusafisha miwani uhesabiwe kuwa muda wa kazi, na miwani iliyochakaa ibadilishwe bila kukata mshahara.

Nasi tuna wajibu wetu. Tusitoboe matundu katika miwani ya dawa ili hewa ipite, maana panapopita hewa kwa namna hiyo na dawa itapita. Iko miwani yenye matundu yaliyofunikwa, nayo ndiyo ya kudai. Tusisugue dawa ya meno juu ya plastiki wala juu ya utando maalumu, kwani hukwaruza na kuharibu. Anayepaka sabuni asuuze vizuri: mwezi Aprili 2001 Chris Hadfield wa Kanada, akiwa kazini nje ya chombo angani, aliingiwa na dawa ya kuzuia ukungu machoni, akawa haoni kwa muda. Na aliyepewa miwani nzuri aivae.

Katika mkutano ujao wa tawi, kila mmoja alete miwani aliyopewa. Tuiweke mezani mbele ya mwajiri, tumwombe aivae pamoja na barakoa na vazi la kazi, kisha azunguke nasi shambani kwa nusu saa. Baada ya hapo tuzungumze juu ya bei.

Jicho halina duka.