Bati Linalotoa Jasho: Je, Tupigilie Nailoni?



Katika wodi ya watoto tumezoea kumwuliza mama habari za chakula, chanjo na chandarua. Siku hizi tunaongeza swali moja: "Mama, nyumba yenu imeezekwa kwa kitu gani, na usiku hewa inapitia wapi?" Wengine hucheka, kwa kuwa wanadhani paa ni kazi ya fundi na haimhusu muuguzi.

Mama mmoja wa Biharamulo alimleta mtoto wake kwetu mara tatu katika kiangazi kimoja. Mtoto alikohoa usiku na kifua kilimbana. Nyumba yao ilikuwa mpya, ya matofali ya kuchoma na bati, matunda ya mavuno ya miaka kadhaa. Lakini alfajiri bati lilidondosha maji vitandani, ingawa mvua haikunyesha. Fundi aliwashauri wanunue nailoni nzito na kuipigilia chini ya bati. Baba naye, kwa kuogopa baridi na mbu, akaziba kwa udongo mianya yote kati ya ukuta na paa. Fedha zikaenda, maji hayakukoma. Baadaye mbao zikawa nyeusi, na ukuta wa chumba cha watoto ukaota kuvu.

Hatusemi kwamba nailoni ndiyo iliyomletea mtoto ugonjwa. Kikohozi kina sababu nyingi. Lakini mwaka 1999 au leo, muuguzi yeyote angetambua harufu ya chumba kile. Na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilieleza wazi kwamba wanaoishi katika nyumba zenye unyevu na kuvu wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata pumu na matatizo ya kupumua.

MAJI HAYO YANATOKA WAPI?

Yanatoka kwetu wenyewe. Mtu mzima aliyelala hutoa kwa pumzi na jasho kama theluthi moja ya lita ya maji kwa usiku mmoja. Wakilala watu wanne, hiyo ni zaidi ya lita moja. Ongeza chungu cha maharage kilichochemka jioni na nguo mbichi zilizoanikwa ndani. Mvuke huo hupanda juu.

Paa la nyasi lilikuwa nene na lilipitisha hewa. Bati ni jembamba. Katika miinuko yetu ya Ngara, usiku wa Juni hadi Agosti wakati mbingu ni nyeupe, bati hupoa upesi kuliko hata hewa ya nje. Mvuke ukiligusa hugeuka maji, kama umande kwenye majani.

Nailoni iliyobanwa chini ya bati hupoa pamoja nalo, na umande huhamia kwenye nailoni. Waliokuwa Ngara mwaka 1994 wataelewa. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na vilima vya Benaco vikafunikwa na maturubai ya plastiki. Turubai lilizuia mvua, na hiyo ilikuwa rehema kubwa. Lakini plastiki haipumui: ukiamka alfajiri chini yake, utaikuta imelowa kwa ndani.

JE, NAILONI HAINA KAZI?

Inayo, mahali pake. Katika nchi za baridi kali, nyumba hupashwa moto miezi mingi na paa hujazwa pamba nene ya kuzuia baridi. Huko mafundi huweka tabaka la kuzuia mvuke upande wa ndani, wenye joto, chini ya pamba hiyo, na kuziba kila kiungo. Hata sisi, jengo lenye mvuke mwingi na dari iliyojazwa, kama chumba cha kufulia cha hospitali, linaweza kulihitaji. Nyumba ya kawaida ya familia hapa kwetu, kwa maoni yetu, hailihitaji. Inahitaji njia ya mvuke kutoka.

SHAURI LETU

1. Kwanza tambueni ugonjwa. Maji yakidondoka sehemu moja wakati wa mvua, bati limetoboka au msumari umelegea, rekebisheni bati. Yakidondoka sehemu nyingi alfajiri bila mvua, huo ni mvuke.

2. Pikieni nje ya nyumba ya kulala, katika jiko lenye njia ya moshi. Msilale kamwe na jiko la mkaa ndani. Katika nyumba iliyozibwa, hewa yake huua watu usingizini.

3. Msizibe mianya ya juu kwa udongo. Ni kweli mbu wa malaria hupita hapo. Kwa hiyo wekeni wavu wa mbu wa chuma, na chandarua kitandani kibaki. Wavu humzuia mbu na kuruhusu hewa.

4. Mkiweka dari, acheni nafasi kati yake na bati, na matundu yenye wavu pande zote mbili za nyumba, ili upepo upite.

5. Fungueni madirisha kila siku. Hewa inayopita hupunguza pia hatari ya kuambukizana kifua kikuu.

Baridi ya usiku itazuiwa na blanketi. Fedha ya nailoni inatosha kuanza kununua wavu.

Na mtoto mwenye kikohozi asisubiri paa litengenezwe. Hesabuni pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Zikifika 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, mleteni hospitali siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, msingoje hata saa moja.

Familia ile ya Biharamulo iliondoa nailoni na kufungua mianya, ikaweka wavu. Nailoni sasa wanaanikia maharage uani. Hapo inafanya kazi vizuri.