Laini moja, kompyuta nne

Zipo nyumba ambazo kila siku baada ya sala ya Isha hugeuka uwanja wa lawama. Baba anamalizia hesabu za duka, binti yumo darasani kwa njia ya video, wavulana wanatazama mpira, na kila mmoja anamtuhumu mwenziwe kuwa ndiye anayeimaliza intaneti. Uamuzi unaofuata aghalabu ni kununua kifurushi kikubwa zaidi. Sisi tunaona huo ni uamuzi wa haraka, na mara nyingine ni fedha ya matumizi ya nyumba inayopotea bure.

Tuanze na ruta yenyewe. Kwa kawaida kampuni huipa nyumba anwani moja tu ya mtandao. Ruta huipokea, kisha huigawia kila kompyuta anwani yake ya ndani, na kukumbuka nani aliomba nini ili jibu limfikie mwenyewe. Kwa hiyo hapana haja ya kulipia laini ya pili kwa sababu tu kompyuta zimeongezeka. Kinachogawanywa ni kasi, nayo huuzwa kwa megabiti, ilhali mafaili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Laini ya megabiti 20 kwa sekunde, basi, haishushi zaidi ya megabaiti 2.5 kwa sekunde, hata kama kompyuta ni moja.

Linalosahauliwa ni njia ya kupandisha. Laini nyingi za nyumbani hupandisha kwa kasi ndogo kuliko zinavyoshusha. Simu moja inayohifadhi video za harusi mtandaoni yaweza kuijaza njia hiyo yote. Na kwa kuwa hata anayesoma ukurasa hulazimika kupeleka maombi yake kwa njia hiyohiyo, nyumba nzima husimama. Aliyesababisha hana habari, simu imo mkobani. Tumeona watoto wakigombezwa kwa kosa la simu ya mama yao! Kazi hiyo ipangwe ifanyike usiku wa manane, wakati wote wamelala.

Kisha kuna kuta. Wimbi la waifai la gigahezi 5 lina kasi lakini huchoka upesi mbele ya ukuta. La gigahezi 2.4 hupenya zaidi, ila ni la polepole na huvurugwa na maikrowevu ya jikoni na ruta za majirani. Katika nyumba za mawe na chokaa kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar, unene wa ukuta peke yake watosha kukinyima mtandao chumba cha ndani. Kompyuta isiyohamishwa iunganishwe kwa waya. Waya wa kawaida wa mtandao hufanya kazi hadi mita 100, urefu unaozidi mahitaji ya nyumba zetu nyingi. Ruta iwekwe katikati ya nyumba na mahali pa juu, si nyuma ya kabati la televisheni.

Ama kuhusu kumgawia jirani, haki yake kwetu ni kubwa, lakini mkataba na kampuni nao ni ahadi; usomwe kwanza kama unaruhusu. Ukiruhusu, apewe mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi za sasa zinao, wenye neno lake la siri, ili mafaili ya familia yasibaki wazi mbele ya watu wa nje. Na lile neno la siri lililobandikwa chini ya ruta libadilishwe siku ileile inapofungwa.