Vitabu vya wasomi na bei ya unga

Wanaodai kwamba vitabu vya wasomi ni vya kupambia rafu wangesoma kile cha mwanauchumi Amartya Sen kuhusu umaskini na njaa, kilichochapishwa mwaka 1981. Sen alichunguza njaa ya Bengal, India, ya 1943, ambayo aliishuhudia mwenyewe akiwa mtoto, akaonyesha kuwa chakula kilikuwepo. Kilichokosekana ni uwezo wa kibarua wa shambani kukinunua, maana bei ya mchele ilipaa na ujira wake ukabaki nyuma. Hata Wollo, Ethiopia, mwaka 1973, chakula kilikuwa kikisafirishwa kutoka jimboni humo huku wenyeji wakifa njaa.

Sasa tazama ukame ulioikumba kaskazini mwa Kenya kuanzia 2020 hadi 2023. Mfugaji wa Turkana au Marsabit alipeleka sokoni mbuzi aliyekonda, akakuta bei ya mbuzi imeporomoka na ya unga imepanda. Aliumia pande zote mbili. Sen alikwisha kueleza mkasa huo huo kwa wafugaji wa Ethiopia na Sahel, miaka arobaini kabla. Unga ulikuwepo dukani, tena karibu kabisa na mwenye njaa! Ndiyo maana naumia nikisikia viongozi wakihesabu magunia yaliyo ghalani kisha wakatuambia tusiwe na wasiwasi.

Waandishi wa habari, tafadhali, mkienda kuripoti ukame msiishie kupiga picha za mizoga. Ulizeni mbuzi mmoja leo anauzwa kwa kilo ngapi za unga, na mwaka jana ilikuwa ngapi.