Kahuzi-Biega: Batwa wanaitwa kwenye mkutano, lakini udongo unatolewa na nani?

Kila mara inapozungumzwa juu ya utajiri wa Kivu, Batwa wanaalikwa. Wanapewa nafasi ya kusema, wanapigwa picha, majina yao yanaingia kwenye ripoti. Wakati wa kutia sahihi ukifika, kalamu iko mkononi mwa wengine.

Mbuga ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970 kwenye kilomita za mraba 600, mwaka 1975 ikapanuliwa hadi 6.000. Batwa waliokuwa wakiishi porini upande wa Kabare na Kalehe walitolewa bila malipo. Wakabaki pembeni, kwenye udongo wa wengine, wakilima mashamba ya watu ili wapate chakula.

Oktoba 2018 wengine walirudi ndani kwa nguvu. Miti ilikatwa, makala yakauzwa (na faida kubwa haikubaki kwa Batwa), watu wakafa, Batwa na walinzi pia. Septemba 2019 wakakutana Bukavu: serikali, ICCN inayosimamia mbuga, na wajumbe wa Batwa. Batwa waliahidi kutoka. Wao waliahidiwa udongo nje ya mbuga.

Udongo gani sasa? Hapo ndipo kuna shida yenyewe. Kabare na Kalehe watu ni wengi sana, na kila kipande cha udongo kina mwenyewe: Mwami, watu wake, ama wenye mashamba makubwa tangu wakati wa Wabelgiji. Katika desturi ya Bushi mtu anapata udongo kwa kutoa kalinzi kwa mkubwa wa kimila. Watu wa kuwinda na kuchuma asali hawakuingia vizuri katika hesabu hiyo. Basi Leta iliahidi kitu ambacho haikuwa nacho mkononi, na wenye nacho hawakuwa na haraka.

Iko vilevile kwa madini. Kodi ya madini, kufatana na Kodi ya Madini ya 2018, inagawanywa: asilimia 50 kwa Kinshasa, 25 kwa jimbo, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa utawala wa mahali, mara nyingi sheferi, ni kusema utawala wa Mwami. Katika Kivu hakuna sheferi ya Batwa. Jimbo likigombana na Kinshasa juu ya sehemu yake, ama sheferi ikidai ile 15, Batwa hawamo katika ugomvi wenyewe. Wanangojea mkubwa awakumbuke.

Sheria haikukosa. Ile ya tarehe 15 Julai 2022 inawatambua Batwa na ndugu zao wa majimbo mengine, na inataka waulizwe na wakubali kwanza, bila kulazimishwa, mbele ya udongo wao kuguswa. Mwaka 2024 ukatangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, yenye makao Banjul: Kongo iliwakosea Batwa wa Kahuzi-Biega, iwarudishie udongo wa mababu, iwalipe, na iwaombe msamaha mbele ya watu. Tume haikusema watafutiwe udongo mahali pengine. Ilisema ule ule, wa porini. Kwa hiyo mapatano ya 2019 yalianza na swali ambalo haliko lenyewe.

Lakini uamuzi huo ulitumwa Kinshasa, na tangu Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa AFC/M23. Tarehe 27 Juni 2025 Kongo na Rwanda zilitia sahihi Washington, na ndani ya mapatano kuna mpango wa uchumi wa eneo zima, madini yakiwemo. Kama mpango huo utafika mpaka kwenye milima ya Kalehe, mtu wa kwanza kuulizwa kwa sheria ya 2022 ni Mutwa anayekaa pale. Bado hakuna ofisi yoyote inayojulikana kwamba ndiyo itamuuliza.